Kikapu na Jumla Yake

Ukifungua kikapu cha mtandaoni ulichotumiwa na ndugu, macho hayaanzii kwenye viatu wala kwenye kikaangio. Yanaanzia kwenye jumla. Imekaa peke yake kwa herufi nene, na pauni na peni zake, na jirani yake kuna kitufe kinachosubiri kidole. Vitu vyenyewe utavisoma baadaye, ukiwa umeshajua vyote pamoja vinagharimu kiasi gani. Ni namna mpya ya kuomba. Barua za zamani zilianza na salamu, zikapita kwa wazima na wagonjwa, zikagusia mvua na bei ya unga, na ombi likaja karibu na mwisho, tena kwa kujikunyata: ikiwa Mungu amekujalia, ikiwa si usumbufu, hata siku nyingine. Kikapu hakisalimii mtu.

Dada yangu yuko Leeds. Sisi wengine tuko Tanga, na kazi ya kujaza kikapu cha nyumba nzima imeniangukia mimi, kwa kuwa ndiye mwenye simu yenye nafasi na bando lisiloisha katikati ya wiki. Wanakuja kwangu mmoja mmoja, kama watu wa zamani walivyokwenda kwa mwalimu kuandikiwa barua. Mama anataka zile soksi za kubana ambazo daktari alimwagiza avae kwa ajili ya mishipa ya miguu. Mpwa wangu anataka njumu. Mama mdogo anataka kikaangio kisichoshika mayai. Binamu anataka vitu ambavyo huvitaja kwa kuninong'oneza. Natafuta, nalinganisha, nasoma maoni ya wanunuzi wa Bradford na Cardiff kuhusu soksi zinazolegea baada ya kufuliwa, kisha nageuza simu ili mwenye kitu aone na kuridhia. Mama, nikimgeuzia, hufunika sehemu ya chini ya kioo kwa kidole gumba. Anatazama picha, anatazama rangi, anauliza kama zinafika gotini, lakini penye fedha kidole hakiondoki.

"Bei usinionyeshe," husema. "Nikiiona sitazivaa."

Kidole kile nimekifikiria sana. Mama si mtu asiyejua thamani ya fedha. Pale soko la Mgandini humshinda muuza nazi kwa hesabu za kichwa. Anachokikataa ni kujua kwa hakika ukubwa wa mzigo aliomtwisha mwanawe, na kikapu hakina kitu kingine isipokuwa hiyo hakika.

Yeye alijifunza kuomba katika miaka ya uhaba. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa tena mwaka 1983, na kwa muda wote huo Mombasa, ambayo kwa mtu wa Tanga ni karibu kuliko Dar es Salaam, ikawa mbali kisheria. Vita vya Kagera vilipita, mafuta yakawa ghali, viwanda vikakosa malighafi, na kwenye maduka ya kaya foleni zikawa ndefu kuliko orodha ya bidhaa. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake wa kutegemewa: baharia, mwanafunzi aliye ng'ambo, shemeji wa Muscat. Yetu ilikuwa na mjomba baharia. Aliyetaka viatu alisimamisha mguu juu ya karatasi, mwenziwe akauzungushia penseli, na unyayo ule ukakunjwa ukatiwa kwenye bahasha. Aerogramu, ile karatasi ya buluu iliyokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe, haikufaa kwa kazi hiyo, maana haikuruhusiwa kutiwa kitu ndani. Mwaka 1984 serikali ilianza kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa bila kuulizwa walikozitoa, na sabuni na nguo zikaanza kurudi madukani. Hata hivyo nyayo za penseli ziliendelea kusafiri. Mazoea ya kuomba hayasomi bajeti.

Kilichofika mara nyingi hakikuwa kilichoombwa. Viatu vilikuja vikubwa, vikatiwa pamba mbele. Aliyeomba kitambaa cha buluu akaletewa cha kahawia. Watu walishukuru, na shukrani ilikuwa ya kweli, maana kati ya ombi na zawadi palikuwa na nafasi ambamo mtoaji alikaa kwa raha zake. Akisema "sikupata", hakuna aliyejua kama duka lilikosa bidhaa au mfuko ulikosa fedha. Neno hilo moja liliwasitiri wengi waliokuwa wakiosha vyombo vya watu ughaibuni huku nyumbani wakihesabiwa matajiri.

Sasa "sikupata" imekufa. Mguu wa mama ni 39 kwetu, 6 Leeds, na 8 kwa binamu yetu aliye Houston, na hakuna tena haja ya karatasi wala pamba. Kitu kiko mbele yenu wote wawili, picha ileile, saizi ileile, na chini yake duka limeandika kwamba vimebaki vinne. Ndugu aliye mbali hana pa kujificha isipokuwa kwenye ukweli, na ukweli unaweza kuwa kwamba mwezi huu kodi ya chumba imepanda. Watu husema teknolojia imerahisisha kuomba. Ni kweli, lakini ugumu haukupotea. Umehamia wote upande wa kukataa. Zamani aliyeombwa alikataa ombi. Siku hizi anafuta soksi za mama yake.

Wapo watakaouliza kwa nini basi asitume fedha tu. Anatuma. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na leo pauni inayotoka Leeds hugeuka shilingi kwenye simu ya mama kabla chai haijapoa. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu karibu dola bilioni 5 zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio nje mwaka 2024, na katika hesabu hiyo hamna hata jozi moja ya njumu iliyosafiri ndani ya sanduku. Shida ya fedha ni kwamba ikishaingia nyumbani haina mwenyewe. Inaingia ikiwa ya soksi, inakuta mtoto amerudishwa kutoka shule kwa ajili ya mchango, au kuna msiba Pangani na nauli inatakiwa leo, au luku ya umeme inalia. Hakuna aliyeiba, kila aliyeigusa alikuwa na haki. Mwisho wa mwezi miguu ya mama bado imevimba na kila mtu anaweza kueleza kwa nini. Soksi zikija zikiwa soksi haziwezi kugeuka nauli.

Kenya waliliona hili mapema. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 huduma ya Mama Mikes ilimwezesha aliye ng'ambo kulipia mtandaoni vocha ya supamaketi, hata mbuzi, na wazazi wake wakapokea kitu badala ya noti. Ni njia ya kutia neno katika matumizi ya nyumba bila kusikika ukisema. Nawajua wazee wasioipenda kabisa. Wanaona mtoto waliyemfundisha kuhesabu haamini tena hesabu zao. Sidhani wamekosea sana. Ila mzee anayenuna akiwa amevaa soksi zake ni afadhali kuliko anayenuna bila soksi.

Kikapu chenyewe kina asili ya kuchekesha, kwa sababu kilitokana na usahaulifu. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi kijana wa kampuni ya Netscape, alipewa tatizo la duka la mtandaoni: kompyuta ya duka haikumkumbuka mteja kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, na wenye duka hawakutaka kujaza mashine zao manunuzi ya watu ambao pengine wangeondoka bila kulipa. Jibu lake lilikuwa kijifaili kidogo kinachokaa kwenye kompyuta ya mteja mwenyewe. Ndivyo hivyo vidakuzi tunavyoombwa ruhusa yake kila tukifungua tovuti. Kwa hiyo ununuzi usiokamilika, ile hali ya kutaka kitu bila kuwa nacho, tangu mwanzo uliachwa kwa mteja akae nao. Baadaye maduka yalibadili mawazo. Yalianza kukumbuka yenyewe, kwa akaunti na neno la siri, na siku hizi yanakumbuka kupita kiasi.

Hilo tumelijua sisi kwa namna yetu. Kupokea picha za skrini moja moja kupitia WhatsApp kulimchosha dada, akanipa neno la siri la akaunti yake. Tangu hapo, kwa duka, mimi na yeye ni mtu mmoja: mtu wa ajabu anayecheza mpira, mwenye mishipa ya miguu, anayeishi Leeds na kukesha akitazama mikoba. Akiingia kutafuta sabuni ya kufulia, anapendekezewa kofia za kulalia nywele nilizozitazama jana usiku. Aliwahi kuniletea mkoba ambao sikuuweka kikapuni kamwe. Nilikuwa nautazama tu, narudi, nautazama tena, na duka likanisema kwake.

Mlango huo uko wazi pande zote mbili. Nilikuwa natafuta saizi ya njumu tulizonunua mwaka uliopita, na saizi inapatikana kwenye orodha ya vilivyokwisha kununuliwa, nikaanza kuishuka orodha ile. Njumu. Chaja. Miwani ya kusomea ya mama mdogo. Vijiti vya kupimia sukari. Begi la shule. Kikaangio cha kwanza, kile kilichochubuka. Nikashuka, nikashuka, na katikati ya vitu vyetu, kimoja hapa na kingine kule mbali, vilikuwepo vyake: balbu, jozi ya glovu, na ule mfuko wa mpira unaotiwa maji ya moto ili mtu alale nao. Mtu anayelala na maji ya moto katika nchi ambayo joto linatoka ukutani ni mtu anayeihesabu gesi. Bei za nishati Uingereza zilipanda vibaya mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, na hapa nyumbani tuliisikiliza taarifa hiyo kama jambo la Waingereza. Dada hutuambia kwamba Leeds kuna baridi kwa sauti ya mtangazaji wa hali ya hewa. Hajawahi kusema kwamba baridi imo chumbani kwake.

Ndipo nilipoelewa kwamba kufichuliwa si kwa aliyeombwa peke yake. Mwombaji naye anasoma kurasa asizotakiwa kuzisoma, na akishazisoma hawezi tena kuomba kwa moyo uleule. Sikumwambia mama. Kikapu kilichofuata nilikijaza kwa mkono mzito: soksi, basi, na dawa ya nywele ya binamu kwa kuwa alishaahidiwa. Dada alipiga simu usiku huohuo.

"Mbona kidogo? Kuna nini huko?"

Kikapu kifupi kilimtia wasiwasi kuliko kirefu. Alihisi kuna ugonjwa anafichwa, au kuna mtu mwingine aliyeanza kutegemewa. Nilijitetea kwamba mambo ni shwari, akanijibu kwamba mambo yakiwa shwari watoto huomba viatu. Hana watoto wala mume kule. Ana zamu za usiku na sisi. Kuombwa ndiko kunakomweka kwenye meza ya nyumbani, na kumpunguzia maombi kwa kumhurumia ni kumsogezea kiti nje bila kumuuliza. Nikarudisha njumu.

Kutokana na hayo tumejitengenezea adabu ambayo hatujawahi kuitamka. Kila kikapu nakiwekea kitu kimoja cha kufutwa. Kinakuwa cha bei ya kati, hakihitajiwi na mtu, na nakiweka mwisho ili kikae juu ya orodha akione kwanza: seti ya pili ya vikombe, saa ya ukutani, taa ya mezani yenye shingo ndefu. Akikiondoa, ameshakataa kitu, jumla imeshuka mbele ya macho yake, na soksi zimesalimika chini kabisa. Yeye anajua, nami najua kwamba anajua. Mara moja, kwa kunikomoa, aliinunua ile taa pamoja na vingine vyote na kuuliza, "Hii ya nani?" Ilibidi tuitafutie mwenyewe. Sasa iko kwa mama mdogo, ambaye anaamini aliiomba.

Nisionekane nakipamba kikapu. Jambo hili lina upuuzi wake. Njumu zile zimeshonwa China, na kikaangio nacho, na feni ndogo ya kuchaji. Kariakoo vimejaa tele, na zipo programu za simu zinazoleta vya namna hiyo moja kwa moja kutoka kulekule. Sisi tunasubiri vizungukie kwanza Uingereza, dada avilipie pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, ambayo tangu mwaka 2021 hata msafiri anayeondoka Uingereza na mzigo wake mkononi harudishiwi, kisha virudi Afrika ndani ya begi la mtu. Binamu, mwenye miguu midogo, amegundua kwamba viatu vya watoto kule havitozwi kodi hiyo, na siku hizi anatafuta viatu vyake kwenye ukurasa wa wanafunzi. Huo ndio uchumi wetu. Ukiniuliza kwa nini tusiende Kariakoo, nitakwambia habari za bidhaa feki, na soksi za mama kweli zinataka kipimo cha kubana kinachoaminika. Lakini kwa njumu hoja hiyo haisimami. Njumu za Kariakoo ni njumu. Hizi ni za shangazi.

Baada ya kulipwa, kikapu kinakoma kuwa picha na kuanza kuwa kilo. Dada hufungua kila boksi, hulitupa, na vitu huja uchi, bila karatasi ya maelekezo, soksi zimesokotwa ndani ya njumu na chaja ndani ya soksi. Msafiri wa kwetu ana mabegi ya kilo 23, na akimwachia mtu kilo tano amemfanyia ihsani kubwa. Betri za akiba za simu haziruhusiwi kwenye begi la chini ya ndege, lazima azibebe mkononi, kwa hiyo hizo huombwa kwa unyenyekevu wa pekee. Vya umeme vya Uingereza vina heri yake: plagi zao za meno matatu ya mraba ndizo zetu, unachomeka na kuwasha. Blenda aliyotuletea binamu wa Houston, iliyozoea umeme wa volti 120, ilikutana na volti 230 za Tanga, ikanguruma kwa hasira muda mfupi, ikanyamaza moja kwa moja. Kutoka Dar es Salaam mzigo huja kwa basi, ukiwa na jina la mama na namba yangu kwa kalamu nene, na kondakta hupiga simu akifika Segera.

Majuzi nilikuwa najaza kikapu cha kufungulia mwaka wa shule. Mama alikuwa pembeni, kidole gumba mahali pake, akikagua kola za mashati. Akauliza, bila kuinua macho, "Na yeye mwenyewe huwa anajiwekea nini humo?"

Nilimjibu kwamba balbu. Akacheka, kisha akaacha kucheka, akaondoa kidole. Alisoma jumla yote, taratibu, akanitaka niigeuze iwe shilingi, nikaigeuza. Hakusema kitu kuhusu soksi. Alitaka kujua blanketi la umeme ni bei gani, lile ambalo jirani yetu aliyerudi kutoka Uingereza alimsimulia, na kama inawezekana mtu akalipia akiwa hapa kitu kikapelekwa huko huko bila kusafiri. Inawezekana. Siku hizi simu inatoa kadi ya kulipia mtandaoni, na mama ana fedha zake za nazi ambazo mtoto hapaswi kuulizia ziko wapi.

Blanketi nililiweka juu kabisa, mahali pa kitu cha kufutwa, nikalibandikia anwani ya Leeds. Dada amelifuta. Nimelirudisha, na ujumbe wa sauti wa mama juu yake, ambao sitaurudia hapa kwa kuwa una maneno ya kizazi chake. Amelifuta tena, akaweka badala yake pea mbili za soksi. Mama amekataa soksi. Tumefikia hapo. Na duka, linaloamini kwamba sisi ni mtu mmoja asiyejua anachotaka, limeanza kututumia barua pepe za upole kutukumbusha kwamba kuna kitu tumekisahau kikapuni.